Usivunje Telefone, Sikiliza Mutoto



Mwezi huu ninataka kuungama mbele yenu. Miaka mbili iliyopita nilikuta kijana wangu anaangalia mambo mabaya katika telefone. Niliikamata, nikaipiga chini, ikavunjika. Sikumuuliza hata neno moja. Nilifikiri nimefanya kazi ya muzazi.

Mwaka uliofuata dada yake, wa miaka 15, alipata rafiki kwa Facebook. Rafiki yule alijiita mwanafunzi, kumbe alikuwa mutu mwingine. Akamusifu, akamubembeleza, akaomba foto isiyofaa. Mutoto akatuma. Siku ileile maneno yakageuka: «Tuma feza, ao watu wote wa kanisa la baba yako wataona foto hii.» Mutoto akatuma feza za minerval kwa njia ya telefone. Yule akaomba tena, na tena. Wiki tatu mutoto hakula vizuri, hakulala. Tulijua tu wakati shule ilimurudisha nyumbani.

Nikamuuliza: «Juu ya nini haukuniambia?» Akajibu: «Papa, nilikumbuka telefone ya yaya.»

Jibu lile lilinichoma. Yule mutu mubaya alishinda sababu mutoto aliniogopa mimi kuliko yeye.

Hapa kwetu tunajua kazi ya shimo. Mutu anayeshuka anaacha mwenzake juu. Udongo ukianza kuanguka, anapiga kelele bila haya. Muzazi njo yule wa juu. Lakini kama kila kelele inaleta fimbo, mutoto atanyamaza, na udongo utamufunika.

Vijana, mushike haya:

– Kodi ya namba 6 ambayo WhatsApp inatuma kwa telefone yako, usipe mutu, hata rafiki. Pengine konti yake imekwisha kuibwa, na anayekuandikia ni mwizi. Ingia «Paramètres», kisha «Compte», uweke «Vérification en deux étapes».

– Mutu usiyemujua uso kwa uso, usimutumie foto, wala usimwambie shule na avenue yako.

– Mutu akikutisha, usilipe. Akilipwa, anarudi. Usifute maneno yake: yapige kapture kwanza, kisha mufungie njia. Mwambie mukubwa siku ileile.

– Kama foto kama ile ilipigwa mbele ya miaka 18, kuna kazi ya bure ya Marekani, Take It Down, inayosaidia Facebook, Instagram na TikTok kuizuia. Foto yenyewe haitoki katika telefone yako.

Wazazi, Facebook na TikTok zinakataza watoto wa chini ya miaka 13. Musiwaongezee miaka ya uongo. Usiku telefone zote zilale mahali pamoja, hata kama papa iko kwa posti ya usiku. Na siku mutoto anakuja na habari mbaya, neno lako la kwanza liwe: «Asante kwa kuniambia.» Mafundisho yatakuja kesho yake.

Yule mutu tulimufungia njia pamoja, mimi na binti yangu, tumeketi kwa meza. Wote wawili tulitetemeka. Yeye mwenyewe alikubali niandike haya. Musome tena Luka 15: yule baba alikimbia kumupokea mwana wake, na habari ya feza zilizopotea hakuuliza.

Ulizo la jamaa kwa mwezi huu: mutoto wako akitishwa leo usiku, atagonga mulango wa nani?