Mwenye usonji asiadhibiwe kwa kupata kazi

Serikali ya Kenya inamlazimisha mtu mzima mwenye usonji kuchagua moja kati ya mambo mawili: athibitishe kwamba hawezi kujitegemea ili apewe shilingi 2,000 kwa mwezi, au atafute kazi na asitarajie msaada tena. Hali ni hiyo hata baada ya Rais William Ruto kutia saini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mnamo Mei 2025. Utaratibu huu hauwezi kutetewa.

Vigezo vya Inua Jamii, mpango wa serikali unaotoa fedha hizo, kwa watu wenye ulemavu mkubwa vinajulikana. Kaya iwe fukara, mhusika awe anahitaji mlezi wakati wote, na nyumbani asiwepo mtu mwenye mshahara au pensheni. Waliovitunga walimlenga mtu asiyeweza kujihudumia kwa lolote, na huyo anastahili kila senti anayopewa, na zaidi. Usonji hauingii katika kipimo hicho. Mtu anaweza kupanga bidhaa za ghala zima bila kukosea hata moja, kisha ashindwe kupokea simu ya msimamizi wake. Anaweza kufanya kazi saa 20 kwa wiki kwa miaka mingi, lakini akilazimishwa kufanya saa 45 akaugua kabla ya mwezi kwisha. Kwa mtu wa aina hii fomu za serikali zina majibu mawili tu, anaweza au hawezi, na yote mawili si ya kweli.

Msamaha wa kodi ndio unaofichua kasoro hii kikamilifu. Kwa agizo la mwaka 2010, mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mamlaka ya Ushuru (KRA) halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Anayelipwa kiasi hicho huokoa zaidi ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Lakini mfanyakazi anayelipwa chini ya shilingi 24,000 hadaiwi kodi hiyo hata kidogo, awe na ulemavu au asiwe nao, kwa hivyo cheti cha msamaha hakimwongezei chochote. Huko chini ndiko vijana wengi huanzia kazi: vibarua, mafunzo kazini, ajira za nusu siku. Mwenye mshahara mnono ananufaika, asiyefanya kazi kabisa anapewa shilingi 2,000, na yule wa katikati, anayejitahidi kwa mshahara wa shilingi 15,000, hapati kitu. Hazina ya Kitaifa inaziona hesabu hizi kila mwaka na haijazirekebisha.

Mfanyakazi huyo wa katikati ana gharama ambazo mwenzake hana. Matatu yenye muziki wa kupasua masikio inaweza kumharibia siku nzima kabla hajafika kazini, kwa hivyo hulipia bodaboda au teksi kila asubuhi na kila jioni. Huenda akahitaji mtaalamu wa tiba, na mtu wa kumsaidia kujaza fomu, kulipa kodi ya nyumba na kupanga wiki yake. Gharama hizo hazipungui siku anapoajiriwa. Mara nyingi huongezeka. Kiasi cha shilingi 2,000, ambacho hakijapanda kwa zaidi ya miaka 10 huku bei za vyakula na nauli zikipaa, hakikutosha tangu hapo. Kukiondoa pindi mtu anapoanza kulipwa ni kumtoza faini kwa kufanya kazi.

Familia zimeielewa hesabu hii kuliko wizara. Mama mjane anayemlea kijana wake wa miaka 25 anajua kwamba kibarua cha miezi mitatu kinaweza kuiondoa kaya yake kwenye orodha. Anajua pia kwamba kurudi si jambo la wiki moja, kwa sababu usajili mpya hufanywa kwa awamu, serikali inapotenga fedha. Akimzuia kijana asiende kazini, uamuzi wake ni wa busara. Akimruhusu aende na kumwomba asimwambie chifu, sheria inamhesabu mdanganyifu. Lawama ni ya walioweka masharti yanayomfanya mzazi mwaminifu aogope ajira ya mwanawe.

Marekani imeishi na mtego kama huu kwa miongo kadhaa, na Kenya haina sababu ya kuufuata. Katika mpango wao wa msaada kwa wenye ulemavu wasio na kipato, mpokeaji asiye na mwenzi wa ndoa haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Kiwango hicho hakijabadilishwa tangu mwaka 1989. Akianza kulipwa mshahara, huachiwa kiasi kidogo tu, kisha kwa kila dola mbili za ziada hupunguziwa dola moja ya msaada. Wako wenye usonji huko wanaokataa kuongezewa saa za kazi, na hata kupandishwa cheo, kwa kuhofia kupoteza msaada au kutumiwa barua ya kudaiwa fedha walizokwisha kuzitumia. Uingereza, pamoja na mivutano yake mikali ya kisiasa kuhusu fedha hizi, imeshika kanuni moja iliyo sahihi: ina malipo ya gharama za ulemavu yasiyotegemea kama mtu anafanya kazi au hafanyi. Hata hivyo, tathmini iliyoagizwa na serikali yake na kutolewa Februari 2024 ilikuta kwamba ni takriban watu 3 kati ya 10 wenye usonji waliokuwa na ajira. Malipo sahihi ni lazima, lakini peke yake hayamfungulii mtu mlango wa kiwanda.

Hapo ndipo waajiri wanapohusika. Sheria mpya inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 54, iliweka kiwango hichohicho kwa nyadhifa za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa, na serikali yenyewe, miaka mingi baadaye, haijakifikia. Kwa mwenye usonji hatari ni kubwa zaidi. Mwajiri anaweza kutimiza idadi bila kumchukua hata mmoja wao, kwa sababu sheria inahesabu watu wenye ulemavu kwa jumla. Marekebisho wanayohitaji ni ya gharama ndogo mno: maagizo yaandikwe, ratiba isibadilishwe ghafla, mtu aruhusiwe kuketi mbali na kelele, usaili upime kazi yenyewe badala ya ucheshi wa mwombaji. Kampuni inayodai haimudu hayo isikubaliwe kirahisi.

Hazina itasema hakuna fedha. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama serikali ingekuwa inajua idadi ya watu inaowazungumzia. Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, ikapata kwamba asilimia 2.2 ya wananchi wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Usonji haukuulizwa kwa jina. Huwezi kudai gharama haibebeki wakati hujaipiga hesabu. Na mtu anayefanya kazi kwa saa anazozimudu hununua, hulipa ushuru wa bidhaa, huchangia bima ya afya na kumpunguzia mzigo mzazi anayezeeka. Kumfungia nyumbani nako kuna gharama, ila haionyeshwi katika vitabu vya bajeti.

Wizara ya Leba na Ulinzi wa Jamii inapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo imeyachanganya tangu mwanzo: msaada wa umaskini, unaoweza kupungua mapato yanapopanda, na malipo ya gharama za ulemavu, yasiyopaswa kuguswa na mshahara. Wakati mageuzi hayo yakiandaliwa, itoe kwanza agizo kwamba hakuna mpokeaji atakayeondolewa kwenye Inua Jamii katika mwaka wake wa kwanza wa ajira, na kwamba atakayepoteza kazi baadaye atarejeshwa bila kusubiri awamu mpya ya usajili. Agizo hilo litangazwe hadi kwa machifu, ili lisibaki katika majalada ya Nairobi.

Hazina nayo ieleze Bunge kwa nini msamaha wa kodi unamfikia mwenye mshahara wa shilingi 150,000 na kumwacha mwenye shilingi 15,000, na ilete pendekezo la kumfidia huyo wa pili. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lihakikishe kwamba wanaopima usonji katika hospitali za umma wamefunzwa kuwapima watu wazima, kisha lichapishe kila mwaka idadi ya waajiriwa kwa aina ya ulemavu na kwa jina la taasisi. Kamati ya Bunge inayosimamia masuala ya leba iwaite wakuu wa asasi hizi tatu kabla ya bajeti ijayo kusomwa, iwasikilize hadharani, na isiidhinishe makadirio ya wizara hadi agizo la kuwalinda wapokeaji walioajiriwa litakapotolewa.