Uzee Umesingiziwa

Hukumu hutolewa barazani, tena mara nyingi na mgeni aliyekuja na machungwa. Mzee ametoka wodini, hii ni wiki ya 3. Homa ya mapafu imepona, vidonge amemaliza, daktari ameridhika. Lakini mapaja yamenywea, suruali imefungwa kwa kamba ya katani, na kuinuka kitini ni mpaka ashike ukuta. Mgeni anamtazama, anatikisa kichwa, kisha anamnong'oneza mwenye nyumba: "Ni uzee tu huo. Mwacheni apumzike."

Mzee huyo ni wa mfano, hana jina wala nyumba. Hata hivyo, ni wakazi wachache wa Kilosa na Mikumi ambao hawajawahi kuketi kwenye baraza hilo, na wengi wao wamewahi kuwa yule mgeni mwenye machungwa. Maneno yake yanasikika kama hekima na huruma. Kwa kweli ni makosa mawili yaliyofuatana: la kwanza linataja sababu ambayo si sababu, la pili linaagiza tiba inayozidisha ugonjwa.

Itazamwe kwanza kasi ya kunywea huko. Tangu mtu avuke miaka 30, misuli yake hupungua kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kila baada ya miaka 10, na akishapita 60 mwendo huo huongezeka. Hata uongezeke vipi, hauwezi kufanya kazi ya miaka 10 ndani ya wiki 2. Mzee wa Vidunda alikuwa akipanda na kushuka ile milima mwezi uliopita tu. Bibi wa Tindiga alikuwa ameinama kwenye mpunga. Mwingine, kule Ruhembe, alikuwa bado anapalilia miwa yake. Ni uzee gani huo uliowapita shambani miaka yote, ukangoja kuwakuta kitandani hospitali?

Kilichowakuta ni kitanda chenyewe, kikishirikiana na homa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililopaswa kubandikwa kwenye kila ukuta wa wodi. Waliwalaza wazee wenye afya njema, wenye umri wa wastani wa miaka 67, kwa siku 10. Hawakuwa wagonjwa. Walikula chakula chenye kiasi cha protini kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa kawaida. Siku 10 zilipokwisha, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo 1 ya nyama, na nguvu za magoti zimeshuka. Hiyo ni kwa mtu mzima wa afya aliyelala tu. Kwa mgonjwa mahututi mambo ni mabaya zaidi: utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2013, uliowapima wagonjwa 63 wa chumba cha uangalizi maalumu, uliona msuli wa mbele wa paja ukipungua kwa karibu asilimia 18 kufikia siku ya 10.

Sababu yake haina uchawi. Mwili unapopigana na maradhi makubwa unahitaji malighafi ya kutengenezea kinga na kuziba majeraha, na ghala lake la malighafi hiyo ni misuli. Mgonjwa asipokula vya kutosha, ghala linafunguliwa. Kijana akipona, hula mara 2, akacheza mpira, ghala likajaa. Misuli ya mzee ni mizito ya kusikia: inahitaji chakula kingi zaidi cha kujenga mwili na kazi zaidi ili iitike. Ndiyo maana homa ile ile inamwacha mjukuu akikimbia na babu akijikokota.

Watu wa Kilosa wanaujua mfano mzuri kuliko huo wa ghala. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu walihama nyumba zao, na Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikasombwa hata treni zikasimama kwa miezi. Reli hiyo ilikuwa imekaribia umri wa miaka 100. Je, kuna aliyesimama juu ya tuta lililobomoka akasema ni uzee tu, iacheni ipumzike? Waliletwa mafundi, tuta likajazwa, treni zikarudi. Umri wa reli ulikuwa sababu ya kuihudumia zaidi. Mwili wa mzee uliopitiwa na mafuriko ya nimonia au malaria kali hauhudumiwi hivyo. Wenyewe unaandikiwa umri na faili linafungwa.

Hali hii ina jina. Mwaka 1989 Mmarekani Irwin Rosenberg aliiita sakopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu, na mwaka 2016 ikapewa namba yake kwenye orodha ya maradhi inayotumika hospitali za Marekani. Jina geni si lazima. Kiswahili kina lake la zamani, "mwili umekwisha", na ubaya wake ni kwamba linasemwa kama tangazo la msiba.

Sasa hilo la kupumzika. Mzee akirudi nyumbani, upendo wa watoto humvamia. "Babu, lete hilo jembe." "Bibi, acha ndoo hiyo, wajukuu wapo kwa ajili gani?" Maji ya kuoga yanaletwa, chakula kinaletwa, hata redio inasogezwa karibu ili asinyooshe mkono. Kwa mtu aliyelima miaka 50, jembe lile lilikuwa mshahara na mazoezi kwa pamoja. Kulichukua moja kwa moja ni kumalizia kazi iliyoanzwa na homa. Na hapo ndipo choo cha kuchuchumaa kinapoingia katika habari hii, ingawa magazeti huona haya kukitaja. Mapaja yakishindwa kuchuchumaa na kuinuka, mzee huanza kupunguza maji na chakula cha jioni ili asisumbue watu usiku. Anakula kidogo, anapungua zaidi, anachuchumaa kwa shida zaidi. Wanaomwona wanasema amekosa hamu ya kula, uzee huo.

Madaktari walishaonywa kuhusu kitanda zamani. Mwaka 1947 tabibu wa Uingereza, Richard Asher, aliandika makala makali katika jarida la madaktari wa nchi yake kuhusu hatari za kumlaza mgonjwa bila sababu. Jaribio la kumaliza ubishi lilifika mwaka 1990, kutoka makao ya wazee mjini Boston. Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi mazito ya miguu mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Kwa waliobaki, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaachana na mikongojo. Walikuwa na wastani wa miaka tisini, na misuli ilikuwa bado inasikia ikiitwa.

Na msomaji wa Kilosa asikimbilie kusema hayo ni ya Ulaya. Kwanza, Boston iko Marekani. Pili, kata iitwayo Ulaya ipo hapo hapo wilayani, njia ya Kilosa kwenda Mikumi, na bibi wa Ulaya hiyo ana misuli ya aina ile ile.

Watetezi wa mapumziko wana hoja moja nzuri: mzee dhaifu huanguka, na nyonga ikivunjika ni balaa. Kweli kabisa. Ndiyo maana hakuna anayesema apewe jembe siku ya 3. Mwenye homa, anayehema kwa shida au mwenye maumivu ya kifua atibiwe kwanza, na mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari mipaka yake. Lakini mzee asiyeinuka anaanguka zaidi ya anayefundishwa kuinuka. Kiti imara kilichoegemezwa ukutani, na mtu wa kusimama pembeni: aketi, ainuke, aketi, mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, wiki ijayo 8. Atembee hadi kwa jirani. Achambue mboga, apepete mchele, abebe kidumu cha lita 1 kisha cha lita 3. Haya hayahitaji ukumbi wala mashine. Ni kweli pia kwamba si kila kilichopotea kitarudi, na kinachorudi huchukua miezi. Nusu ya nguvu ya zamani inatosha kumfikisha mtu chooni mwenyewe.

Kwenye chakula, hasira ya makala haya inapanda kidogo. Kundi la wataalamu wa lishe ya wazee lilishauri mwaka 2013 kwamba mzee anayeugua au anayetoka kuugua ale gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, ambaye ana utaratibu wake. Mzee wa kilo 60 anahitaji basi gramu 72 hadi 90. Anachopewa ni "chakula cha mgonjwa": uji mwepesi wa sembe, chai ya rangi, labda mkate. Kikombe cha uji ule hakifiki gramu 3. Yai 1 lina gramu 6, nalo limepelekwa sokoni. Dagaa wakavu ni protini zaidi ya nusu ya uzito wao, lakini eti ni wazito kwa mgonjwa. Haya yanatokea katika wilaya yenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho kazi yake mojawapo ni kuzalisha mbegu bora za mikunde. Kuna mbegu ya mbaazi iliyopewa jina la Ilonga yenyewe. Mbaazi kavu gramu 100 zina protini kama gramu 20. Zinastawi Kilosa, zinasafirishwa nje ya nchi, na mgonjwa wa Kilosa anakoroga uji wa maji. Mbaazi zilizopondwa zikaungwa nazi, karanga zilizosagwa ndani ya uji, dagaa waliotwangwa kwa asiye na meno: hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kuagizwa Dar es Salaam.

Ubaya mkubwa kuliko wote wa "uzee tu" ni kwamba unafunga mlango wa uchunguzi. Mtu anayeendelea kukonda baada ya ugonjwa kupona anaweza kuwa na ugonjwa mwingine. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa kuenea kwa kifua kikuu nchini, wa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kiwango ni kikubwa zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana. Kisukari hula mwili kimyakimya. Saratani pia, na tezi ya shingo iliyozidisha kazi. VVU havisomi tarehe ya kuzaliwa, ila wahudumu wengi huona aibu kumpima mtu wa umri wa baba yao. Vidonge vya prednisoloni, vikimezwa kwa miezi, hudhoofisha mapaja. Huzuni ya kufiwa na mwenza nayo humwondoa mtu mezani. Yote haya yana kipimo au tiba, au vyote viwili. Uzee hauna kipimo wala tiba, na ndiyo sababu ni jibu rahisi kwa kila mtu isipokuwa mgonjwa.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya matibabu bila malipo kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na leo hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Ni hatua. Ila dirisha hilo ni la kutolea vidonge, ilhali misuli hairudi kwa kidonge. Huduma za utengamao, yaani mtaalamu wa kumfundisha mgonjwa kuinuka na kutembea tena, zimerundikana hospitali kubwa. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walishatengeneza kipimo kifupi cha unyong'onyevu wa wazee, kinachoweza kutumiwa na wahudumu wasio mabingwa. Kwa hiyo kisingizio cha kutokuwepo daktari bingwa wa wazee hakitoshi.

Linganisha na mtoto. Mtoto wa Kimamba ana kadi ya kliniki. Akipungua nusu kilo mama yake anaulizwa maswali, utepe unazungushwa mkononi, unga wa lishe unatafutwa. Bibi yake akipungua kilo 6, anaulizwa ana miaka mingapi.

Kumpima hakugharimu kitu. Mzee aketi kwenye kiti cha kawaida, si kigoda, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara 5; akizidisha sekunde 15, miguu imedhoofika. Wajapani wa mji wa Kashiwa wana njia fupi zaidi: mzee azungushe vidole gumba na vya shahada vya mikono yake miwili kwenye tafu la mguu, penye unene mkubwa, na nafasi ikibaki ni dalili mbaya. Anayetaka namba aende kwa fundi cherehani yeyote wa Kilosa au Mikumi, aazime futikamba. Tafu lenye mzunguko wa chini ya sentimeta 31 lisiachwe barazani. Mzee arudishwe hospitali, na atakayemwandikia umri aombwe aandike na jina la ugonjwa.