Jipangeni, Jipangeni... Tujipange na Nini?

Nimeadimika kidogo, mitihani ilikuwa imenikaba koo. Sasa imekwisha, habari za sapu tutazijua mbele ya safari. Leo sina stori za foleni ya kafeteria wala za maji kukatika bwenini. Leo nina hasira, na nataka niiweke hapa kabla haijapoa.

Wiki hii ukipita kwenye mbao za matangazo unakutana na makaratasi yale yale ya kila mwaka. Wahi barua yako ya fildi. Hudhuria semina ya ajira. Jifunze kuandika sivii. Na kila semina ina mgeni rasmi wake, kavaa suti, anasimama anatuambia neno moja tu: jipangeni! Soko la ajira gumu, jipangeni. Waajiri wanataka uzoefu, jipangeni. Nunueni shajara, andikeni malengo, amkeni saa kumi na moja alfajiri, tafuteni uzoefu mngali chuoni. Tunapiga makofi, tunagawiwa soda na keki, tunatawanyika.

Jamani, hivi hakuna hata mmoja anayeuliza? Mimi nauliza. Tujipange na nini?

Tuanze na hesabu, maana hasira isiyo na hesabu ni kelele tu. Kwetu fildi ni wiki 8. Siku tano kwa wiki, jumla siku 40. Mwaka jana nilikuwa napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, hiyo ni 2,400 kwa siku. Mchana kwa mama ntilie, sahani ya wali maharage, 2,000. Jumla 4,400 kwa siku. Zidisha mara 40, unapata 176,000. Hapo sijaweka shati la ofisini, viatu, fotokopi, wala kuchapa na kujalidi ripoti. Na mimi nilibaki hapa hapa Dar. Mwenzangu aliyepata nafasi mkoani alianza na kodi ya chumba.

Najua kuna mtu ameshafungua mdomo: "Si mnapewa hela ya fildi nyie?" Ngoja nikueleze, ndugu yangu. Bodi ya Mikopo, ambayo ilianza kazi mwaka 2005, inalo kweli fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake. Lakini neno lenyewe linajieleza: mkopo. Siku nikiajiriwa, sheria inataka nikatwe asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Sasa soma taratibu uone mzunguko huu. Nakopa nauli ya kwenda kumfanyia mtu kazi bure, ili nipate uzoefu, ili uzoefu unipe ajira, ili ajira inikate kulipia ile nauli. Mwenye ofisi yeye hajatoa hata thumni. Na asiye na mkopo je? Nauli yake inatoka kwenye vitumbua vya mama yake. Huyo mama ndiye anayefadhili ofisi kubwa za mjini, na hakuna siku atakayealikwa kuwa mgeni rasmi.

Haya, tuseme tumelipa. Tumenunua nini?

Ofisi niliyokwenda mimi sitaitaja. Tulikuwa watatu, kiti kimoja. Mwenye bahati aliyewahi asubuhi alikaa, wengine tuliegemea kabati. Hatukuwa na majina, tulikuwa "watoto wa fildi". Mtoto wa fildi, hebu kachukue chai. Mtoto wa fildi, toa kopi hizi. Mtoto wa fildi, panga majalada ya masjala kwa miaka. Wiki ya tatu nikaomba kukaa karibu na mhasibu nione anavyolinganisha vitabu vyake na taarifa ya benki, maana hicho ndicho kitu nilichosomea darasani na sijawahi kukiona kwa macho. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, mimi mwenyewe nimezidiwa." Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba kunifundisha ni sehemu ya kazi yake, na hakuna aliyempunguzia kazi ili anifundishe.

Ijumaa ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Logibuku zetu zikakusanywa, zikasainiwa wiki zote nane kwa mkupuo, kwa kalamu moja, huku msainiji anaongea na simu. Msimamizi kutoka chuoni alikuwa ameshapita wiki ya tano. Dakika ishirini, "mnaendeleaje vijana?", akakimbilia ofisi nyingine maana alikuwa na orodha ndefu ya wanafunzi waliotawanyika mji mzima. Naye simlaumu peke yake. Mpe mtu wanafunzi wengi kuliko siku alizonazo, atafanya nini zaidi ya kupunga mkono?

Ndiyo maana steshenari za jirani na chuo wanauza desa za ripoti za fildi. Unabadilisha jina la ofisi, unabadilisha tarehe, unajalidi. Watu wanawatukana wanaonunua, na kweli ni wizi, siutetei. Lakini jiulize kwa nini biashara hiyo haifi. Haifi kwa sababu hakuna anayezisoma. Kitu kikiwa na msomaji, hakiuziki kwa desa.

Halafu tukimaliza tunakutana na tangazo la kazi: "uzoefu usiopungua miaka 3". Fildi tatu za wiki 8 ni wiki 24. Hata nusu mwaka haifiki! Eti mtu aliyetunyima kiti cha kukalia wiki 8 ndiye huyo huyo anayetudai miaka 3. Kaazi kwelikweli.

Wazee wangu nawasikia pia. "Sisi tulianzia chini, tulifagia, tulibeba mafaili, nyie watoto wa siku hizi mnadeka." Shikamooni wazee wangu, lakini tukumbushane historia vizuri.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mhitimu alitakiwa, baada ya mafunzo, afanye kazi miezi 18 akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Mwalimu Nyerere alikasirika, karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa kurudi makwao, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisa hicho tunahadithiwa kama mfano wa vijana wasomi waliodeka. Sawa. Lakini nyie mnaokipenda kisa hicho, angalieni namba zake. Wale waliodeka walikuwa wanapewa asilimia 40! Mtoto wa fildi wa leo anapata asilimia ngapi? Na bosi wake naye, amejikata ngapi?

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Mtu alimaliza kidato cha sita, akapitia jeshini, akaingia kazini kwanza, na ripoti ya kazini ikawa sehemu ya sifa za kuingia chuo kikuu. Sisemi turudi huko. Mpango ule ulikuwa na lawama zake na hatimaye uliachwa. Ninachosema ni kwamba uzoefu ulikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na kazi yenye jina, posho au mshahara, na mtu aliyepaswa kuandika maneno ya maana juu yako. Leo mzigo wote umebandikwa mgongoni kwa kijana wa miaka 21, kisha anaambiwa tatizo lake ni kutojipanga.

Na waajiri wana hoja, nisiwaonee. Wanasema mwanafunzi anachelewesha kazi, anaharibu karatasi, akianza kuelewa anaondoka. Kweli kabisa. Ndiyo maana mimi sidai mshahara. Nadai vitu vitatu. Nauli na chakula cha mchana, kwa kila siku aliyofika kazini. Mtu mmoja mwenye jina anayewajibika kumfundisha, na apunguziwe kazi yake kwa saa hizo. Na ofisi isiyo na cha kumfundisha mtu iseme haina nafasi. Kumwambia kijana "hatuna nafasi" ni heshima kubwa kuliko kuwachukua watano ili masjala ipungue vumbi.

Mtasema ofisi zitafunga milango, nafasi zitapungua. Inawezekana zikapungua. Lakini nafasi ya kubeba chai ikipotea, nani amepoteza uzoefu? Zaidi ya hapo, nafasi nzuri hata sasa hazigawiwi kwa kujipanga. Darasani kwetu aliyekaa na mhasibu wa kweli, akashika vitabu vya kweli, ni yule mwenye mjomba ndani ya jengo. Barua zetu sisi wengine ziliishia mezani kwa dada wa mapokezi. Huyo mwenzetu tunampenda, hana kosa, lakini msituambie alitushinda kwa shajara.

Sasa nigeuke upande wetu, maana kulalamika bila kufanya kitu nako ni kuegemea kabati. Tuwaangalie majirani zetu Kenya. Mwaka 2024 serikali yao ilitaka madaktari walio kwenye mafunzo ya kazini walipwe shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, wakati makubaliano ya mwaka 2017 yalisema 206,400. Madaktari wakagoma kuanzia Machi mpaka Mei mwaka huo, na Desemba serikali ikakubali kulipa kwa mujibu wa yale makubaliano. Wao ni wahitimu wa udaktari, sisi ni wanafunzi wenye logibuku, najua tofauti hiyo. Wala sisemi tugome, fildi ukigoma umejifelisha mwenyewe. Ninachokiona pale ni vitu viwili walivyokuwa navyo na sisi hatuna. Karatasi iliyoandikwa na kusainiwa, na watu walioishika karatasi hiyo kwa pamoja.

Huko ndiko kujipanga ninakokuelewa mimi. Ratiba ya rangi ukutani ni nzuri, mimi pia ninayo, lakini ratiba haijawahi kumtetea mtu. Kumbukumbu inamtetea. Kwa hiyo mwaka huu kila anayekwenda fildi awe na daftari lake mwenyewe, mbali na logibuku ya chuo. Kila jioni mistari mitatu: leo nimefanya nini, nani amenielekeza, nini sijakielewa. Siku uliyobeba chai andika chai. Siku uliyolinganisha vitabu andika ulivyovilinganisha, tofauti ilikuwa shilingi ngapi na ilitokea wapi. Logibuku ipelekwe kusainiwa kila Ijumaa, hata kama bosi ananuna, na kila ukurasa uliosainiwa upigwe picha kwa simu. Ukija kuulizwa kwenye usaili umefanya nini, hutababaika ukisema "nilijifunza mambo mengi". Utasema jambo moja, kwa tarehe yake.

Hatua ya pili ndiyo kubwa. Tukirudi, madaftari hayo tuyakusanye darasa zima. Ofisi ipi ilifundisha, ipi ilituacha tumesimama, ipi ilitoa nauli, ipi ilimdai mwanafunzi hela ya "kushughulikia barua". Tuipange orodha kwa ukweli, bila chuki na bila matusi, serikali ya wanafunzi iipeleke mezani kwa wahusika wa mafunzo kwa vitendo. Ofisi iliyolalamikiwa na wanafunzi wa miaka miwili mfululizo isipelekewe tena mtu. Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza asikanyage tena pale tulipoegemea kabati. Na zile zinazofundisha, zipo, tusizikatie tamaa, zitajwe kwa sifa zao na zipelekewe barua mapema.

Chuo nacho kisijifiche nyuma ya uchache wa walimu. Kama msimamizi hawezi kufika mara mbili, apige simu. Kama hawezi kusoma ripoti zote, achague kumi bila taarifa na azisome mpaka mwisho, aulize maswali mbele ya mwenyewe. Desa zitakosa soko ndani ya mwaka mmoja.

Mgeni rasmi wa semina ijayo, kama utapita hapa, karibu sana. Soda yako ipo. Lakini kabla hujatuambia tujipange, tuambie kwanza: ofisini kwako kuna watoto wa fildi wangapi, wanakalia nini, nauli yao anatoa nani, na nani anasaini logibuku zao? Ukijibu hayo manne nitakuwa wa kwanza kupiga makofi, na hiyo keki nitakuachia wewe.

Julai siyo mbali. Barua yangu ya fildi ya mwisho ninayo hapa mezani, na lile daftari jipya nimeshalinunua, 1,500. Naomba kutoa hoja. Mnaonaje wenzangu?