Vita, Tabianchi na Bei ya Mafuta: Mageuzi ya Nishati Duniani Yanatufundisha Nini?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa shehena zinazopokelewa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Tangazo hilo husubiriwa na dereva wa daladala, mwenye bodaboda, msafirishaji wa mizigo na mkulima wa mbogamboga anayevuta maji kwa pampu ya dizeli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinachopandisha au kushusha bei hizo huamuliwa mbali na mipaka yetu, na mara nyingi huamuliwa na mtutu wa bunduki.

Mwezi Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, soko la mafuta duniani lilitikisika mara moja. Katikati ya mwaka huo bei ya pipa moja ilipita dola 120 za Marekani. Hapa nchini, Serikali ililazimika kutenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni 2022 ili kumpunguzia mwananchi makali ya bei. Fedha hizo zilitumika kukabiliana na athari za vita ambayo Tanzania haikuianzisha wala kushiriki. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Tangu hapo hali haijatulia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha kampuni nyingi za usafirishaji kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari inayoongeza siku na gharama. Mwezi Juni 2025, Israel na Iran zilipokabiliana kijeshi, macho ya dunia yalielekezwa kwenye Mlangobahari wa Hormuz, ulio kati ya Iran na Oman, ambako hupita takriban moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani. Mlangobahari huo haukufungwa katika mapigano hayo, lakini hofu pekee ilitosha kupandisha bei ndani ya saa chache. Kwa nchi kama yetu, ambayo mafuta yake mengi hutoka katika eneo la Ghuba, habari za Hormuz zinagusa kituo cha mafuta cha jirani.

Katika muktadha huo, swali la nishati limebadilika sura. Kwa miaka mingi mjadala wa kuachana na mafuta, gesi na makaa ya mawe uliendeshwa kwa hoja ya tabianchi. Hoja hiyo ingali na uzito wote: Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kali zaidi katika kumbukumbu za vipimo, ukiwa na ongezeko la takriban nyuzijoto 1.55 juu ya wastani wa kabla ya zama za viwanda. Lakini baada ya mwaka 2022 imeongezeka hoja ya pili, nayo ni usalama wa taifa. Jua na upepo havipiti kwenye mlangobahari, wala hakuna adui awezaye kuviwekea vikwazo.

Ulaya ndiyo iliyojifunza somo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulitegemea Urusi kwa zaidi ya asilimia 40 ya gesi uliyoagiza kutoka nje. Mwezi Mei 2022 ulizindua mpango wa kujinasua katika utegemezi huo, na kufikia mwaka 2024 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 20. Mwaka huohuo, kwa mara ya kwanza, umeme wa jua uliozalishwa katika Umoja huo ulizidi ule wa makaa ya mawe. Historia inaonesha kuwa si mara ya kwanza kwa vita kuleta mageuzi ya nishati. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, Ufaransa iligeukia nguvu za nyuklia na Denmark ikaweka msingi wa sekta yake ya upepo.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kuwa migogoro huharakisha mageuzi wakati wote. Ujerumani ilipokosa gesi ya Urusi mwaka 2022, ilirejesha kwa muda mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa kando. Mataifa tajiri ya Ulaya yaliponunua gesi iliyosindikwa kwa bei yoyote iliyotajwa, meli zilielekezwa kwao, na nchi kama Pakistan na Bangladesh zikashindwa kumudu bei na kuingia katika mgawo wa umeme. Inapotokea dhiki, soko la dunia humhudumia kwanza mwenye fedha nyingi, hata kama mwenye uhitaji mkubwa ni mwingine.

Aidha, nishati safi nayo ina utegemezi wake. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, gharama ya kuzalisha umeme wa jua ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2023. Habari hiyo ni njema. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa kutengeneza paneli za jua, katika hatua zake zote, uko China. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, ilhali sehemu kubwa ya kobalti hiyo husafishwa China. Nchi hiyo ilianza kudhibiti usafirishaji wa madini ya kinywe nje mwishoni mwa mwaka 2023, na mwezi Aprili 2025 ikafanya hivyo kwa baadhi ya madini adimu. Ni dhahiri kuwa silaha ya nishati haijatoweka duniani. Inahama kutoka kwenye bomba la gesi na kuingia kwenye kiwanda cha kusafisha madini.

Utegemezi wa tatu ni ule wa hali ya hewa yenyewe. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya Bwawa la Kariba kwa kiwango kilichoifanya Zambia, inayotegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, ikae gizani kwa saa nyingi kila siku. Nasi hatujasahau mwishoni mwa mwaka 2022, pale kina cha maji katika mabwawa yetu kiliposhuka na mgawo wa umeme ukarejea. Mabadiliko ya tabianchi yanatutaka tuzalishe umeme safi, na wakati huohuo yanatishia mojawapo ya vyanzo vyake vikuu.

Kutokana na hayo, somo moja linajitokeza. Nchi iliyo salama kinishati ni ile ambayo haiwekezi matumaini yake yote katika chanzo kimoja, njia moja au muuzaji mmoja, hata kama chanzo hicho ni safi.

Tanzania ina msingi wa kujengea. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwezi Februari 2024, na wote ulikamilika mwaka 2025. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay huendesha mitambo ya umeme pale maji yanapopungua. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024, imehamishia sehemu ya usafiri wetu kutoka kwenye dizeli ya kuagiza hadi kwenye umeme wa nyumbani. Magari na bajaji zinazotumia gesi asilia iliyoshindiliwa zinaelekea njia hiyohiyo.

Lakini mtihani mkubwa uko jikoni. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo linaokoa misitu, afya ya mama na muda wa mtoto wa kike anayetumwa kuokota kuni. Hata hivyo, gesi ya mitungi inayotumika nchini huagizwa kutoka nje. Iwapo mtungi utakuwa ndiyo njia pekee ya kuachana na mkaa, tutakuwa tumeunganisha chungu cha mama wa Kondoa na njia zilezile za bahari zinazotishiwa na vita. Siku bei itakapopanda, mkaa utarudi jikoni kimyakimya. Ndiyo maana mtungi hauna budi kuambatana na majiko yanayotumia umeme kidogo, bayogesi kwa wafugaji, na gesi asilia yetu inayosambazwa majumbani kwa mabomba.

Vivyo hivyo katika madini. Nikeli ya Kabanga wilayani Ngara na kinywe cha Mahenge ni malighafi za betri zinazohitajika duniani. Yakisafirishwa yakiwa ghafi, tutauza udongo na kununua betri. Msimamo wa Serikali wa kutaka madini yaongezwe thamani nchini unapaswa kusomwa kama sehemu ya sera ya nishati, si ya madini pekee.

Kikwazo kinachobaki ni mtaji. Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya gesijoto duniani, na takriban watu milioni 600 barani humu hawana umeme, lakini fedha za uwekezaji wa nishati safi zinazofika huku ni kidogo mno, na mikopo yake ni ghali. Mkutano wa Wakuu wa Nchi uliofanyika Dar es Salaam mwezi Januari 2025 uliunga mkono lengo la kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Ahadi hizo zitapimwa kwa nyaya zitakazofika vijijini na kwa riba zitakazotozwa.

Dunia inabadili nishati yake ikiwa katikati ya joto na vita, na kila taifa linajitazama lenyewe kwanza. Nasi tujitazame. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na katika nishati, atakayeumia ni yule ambaye bei ya ugali wake inapangwa na mapigano ya wengine.