Barua Moja, Sahihi Mbili: Wito kwa Wazee wa Misikiti na Makanisa

Ndugu wananchi, na hasa ninyi mliokabidhiwa amana ya kuongoza kamati za misikiti, mabaraza ya walei, sharika na mahekalu katika miji na vijiji vya Tanzania, nawaletea jambo ambalo si gumu kulitenda, na ambalo kwa rai yangu laweza kutupatanisha kuliko hotuba nyingi za amani tunazosomewa kila mwaka: tutoe damu kwa zamu tulizoahidiana, Mkristo akishika nafasi ya Mwislamu katika msimu wa udhuru wake, na Mwislamu akishika nafasi ya Mkristo katika msimu wa udhuru wake.

Nisidhaniwe kuwa nazibeza futari za pamoja, wala salamu za Krismasi zinazotoka kwa masheikh wetu. Hizo ni jamala, na jamala ni sehemu ya uungwana. Lakini aghalabu waalikwa ni wale wale, wakaao meza ya mbele, wakapigwa picha, kisha kila mmoja akarejea kwake, ilhali mama muuza vitumbua na kijana wa bodaboda, ambao fitina ikizuka ndio itakaowakuta barabarani, hawakuwamo. Mwezi wa Oktoba 2012 pale Mbagala, ubishi wa watoto wawili juu ya msahafu ulitosha kuwasha moto makanisani. Na Februari iliyofuata, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani ahalalishe nyama buchani ulimtoa mchungaji roho. Katika miaka hiyo hatukuwa na uhaba wa hotuba. Tuliowakosa ni watu wa dini mbili waliokwisha kuzoeana kazini, wanaojuana kwa majina na kwa namba za simu, ambao mmoja wao angeweza kumpigia mwenzake ugomvi ulipoanza na kumwuliza kulikoni kabla uvumi haujafika sokoni.

Basi kwa nini damu, wala si kufagia mitaro au kupanda miti, kazi ambazo nazo ni njema? Kwa sababu haja yake haina mwisho, wala hakuna kiwanda kiwezacho kuitengeneza. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya, nchi huhitaji kwa mwaka uniti za damu zipatazo asilimia moja ya watu wake. Nasi katika sensa ya 2022 tulihesabiwa milioni 61.7, kwa hiyo mtoto wa darasa la saba aweza kutwambia kwamba tunazungumzia uniti zaidi ya laki sita. Damu hiyo inangojwa na mzazi aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na mtoto wa miaka miwili ambaye malaria imemmaliza damu hata viganja vikawa vyeupe, na majeruhi wa barabarani, na wagonjwa wa selimundu, maradhi ambayo nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wazaliwao nayo. Tena haiwekwi akiba kwa muda mrefu: chembe nyekundu hukaa katika jokofu siku 35 hivi, na chembe sahani hazipiti siku tano au saba. Damu iliyotolewa kwa shangwe ya sherehe ya mwezi Juni haimfai mgonjwa wa mwezi Agosti.

Hapo ndipo kalenda zetu za ibada zinapoingia. Katika mwezi mtukufu wa Ramadhani, watoaji hupungua, kwa kuwa aliyefunga tangu alfajiri hashauriwi kutolewa damu mchana wa jua kali. Mwezi Desemba hupungua tena, kwa sababu sehemu kubwa ya watoaji wetu ni wanafunzi wa sekondari, na shule zimefungwa, huku Wakristo wengi wakiwa safarini kwenda kwao kula sikukuu, na mabasi yakiwa mengi barabarani kuliko wakati wowote, na ajali nazo. Mapengo haya mawili yanajulikana na kila mhudumu wa maabara, na kila mwaka huyaziba kwa kuwahimiza ndugu wa mgonjwa watafute mtu wa kutoa damu papo hapo, jambo ambalo ni adha kwa maskini aliyemleta mkewe kutoka mbali asiye na jamaa mjini. Maadamu katika miaka mingi udhuru wa mmoja hauangukii siku za udhuru wa mwingine, ni nini kitakachotuzuia tusipeane mkono? Usharika na parokia za mtaa zichukue Ramadhani yote iwe dhamana yao. Msikiti wa mtaa huo uchukue wiki za Krismasi na Mwaka Mpya. Na yule Mwislamu apendaye kutoa ndani ya Ramadhani, atoe usiku baada ya tarawehe, kama timu ya damu itakubali kuja; suala la kutoa mchana na hukumu yake katika saumu nawaachia masheikh, wenye elimu nalo.

Wapo waliotutangulia katika njia hii, kila kundi upande wake. Waislamu wa madhehebu ya Ithnaasheri jijini Dar es Salaam wamefanya kutoa damu kuwa sehemu ya kumbukumbu zao za Muharram; vijana wa Kanisa la Waadventista Wasabato nao wamejitokeza mara nyingi kwa kazi iyo hiyo. Hawa ni wa kupongezwa. Lakini wametoa Muharram, wametoa Sabato, kila mmoja katika ua wake, na majirani wakapita njia bila kujua kuna nini ndani. Ninachokiomba ni kufungua ua. Pale katikati ya Dar es Salaam, kutoka Kanisa la Azania Front hata la Mtakatifu Yosefu, na kutoka hapo hata misikiti ya mjini na mahekalu ya Kisutu, mtu mzima hutembea kwa miguu bila kutweta. Umbali uliopo ni wa mazoea tu.

Asiyewahi kutoa damu na aone kazi yenyewe ilivyo. Unapimwa uzito, usipungue kilo 50. Unapimwa wingi wa damu na shinikizo lake. Unaulizwa maswali faraghani. Kisha unalala kitandani, mkono unafungwa mpira, unapewa kijipira cha kufinyafinya, na mfuko ulio chini yako unajaa mililita 450 katika muda wa dakika kumi hivi, nao ukichezeshwa pole pole damu isigande. Baada ya hapo unaketi kwenye benchi, pamba imebanwa kiwikoni, unapewa soda na biskuti, na huruhusiwi kuondoka upesi. Benchi hilo, waungwana, ndilo mkutano wa dini ninaoutaka: mzee wa kanisa na mwalimu wa madrasa, mikono imekunjwa, wote wawili wamekatazwa kunyanyua mizigo leo, wakiulizana habari za watoto. Na mfuko uliobandikwa namba na kundi la damu unakwenda zake kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina mbili na kaswende, pasipo kuandikwa juu yake kwamba umetoka kwa Juma au kwa Yohana. Taifa hili halijawauliza wananchi dini yao katika sensa tangu mwaka 1967. Hospitali nazo haziiulizi damu.

Najua nung'uniko litakalonijibu, na si la kupuuzwa: kwamba sisi twatoa bure, kisha mgonjwa aambiwa alipe. Serikali imetangaza mara kwa mara kwamba damu haiuzwi, na mahali tangazo hilo linapovunjwa, mtu mmoja mnyonge akilalamika hufukuzwa kama nzi. Lakini imamu na padri wakiongozana hata mlangoni kwa mganga mfawidhi, wakauliza kwa adabu damu ya waumini wao ilikwenda wapi na nani aliidai fedha, sidhani kama watajibiwa kwa jeuri. Hili nalihesabu kuwa nusu ya faida ya wito wangu: wakuu wa dini wasishirikiane katika kutoa peke yake, washirikiane pia katika kudai haki ya aliyelala wodini.

Wako na ndugu zetu Mashahidi wa Yehova, ambao itikadi yao inawakataza damu. Wasilazimishwe wala wasisimangwe. Wakipenda kusaidia, viti, maji ya kunywa na usafiri wa wazee vinahitaji mikono pia.

Mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu akiwa mwanamume, na minne akiwa mwanamke. Mtaa wenye msikiti mmoja na makanisa mawili, ukipata watu ishirini kila upande walioandikwa majina yao daftarini, tayari una jeshi la kutosha kuanza. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na akina mama wa madrasa, ambao kwa tajriba yangu hutimiza ahadi kuliko sisi wanaume, ndio wakabidhiwe daftari hilo.

Vituo vya kanda vya Mpango wa Taifa wa Damu Salama vipo Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Tabora, Mbeya na Mtwara, na timu zake hutoka kufuata watu walipo zikiitwa. Basi, kabla mwezi mwingine haujaandama, imamu na mchungaji wa kila mtaa waketi pamoja na kukiandikia kituo cha kanda yao barua moja yenye sahihi mbili, wakiomba siku.