PUMU YA UKUBWANI: TUSIFICHE PUMZI ZETU



Wako wanachama wetu ambao tangu utoto hawakujua ugonjwa wa kifua. Wamebeba magunia na kusimama zamu za usiku miaka mingi. Sasa wakipanda ngazi kifua chabana, na usiku chalia kama filimbi. Wengine wamekwisha ambiwa na daktari kwamba huenda ni pumu, warudi wapimwe. Hawarudi. Wanaogopa kwamba msimamizi akisikia, kibarua kitaota nyasi.

Kwa hofu hiyo tuna neno moja: mficha maradhi kifo humuumbua.

Pumu si ugonjwa wa watoto tu. Mtu wa miaka 30 au 50 aweza kuupata kwa mara ya kwanza. Hauambukizi, wala si aibu. Mirija ya pumzi huvimba na kubana, na makohozi huiziba zaidi. Lakini si kila kifua kinachobana ni pumu. Kikohozi kikipita wiki mbili ni lazima kupimwa kifua kikuu, na ugonjwa wa moyo pia humfanya mtu akose pumzi. Kwa hiyo daktari akisema "huenda", maana yake ni kwamba kazi ya kupima haijaisha. Utapuliza katika kipimo, utavuta dawa ya kufungua mirija, utangoja kama robo saa, kisha utapuliza tena. Pumzi ikiongezeka vya kutosha, hiyo ni dalili kubwa ya pumu. Isipoonekana siku ile, usijihesabu kuwa umepona, maana ugonjwa huu huja na kuondoka.

Sasa tuje kwenye jambo linalohusu chama. Madaktari wa kifua wamekadiria kwamba katika watu wazima 100 wenye pumu, kama 15 ugonjwa wao watokana na kazi. Unga wa ngano katika vinu na viwanda vya mikate, vumbi la mbao, vumbi la kahawa mbichi, rangi za kupulizia magari, dawa kali za kusafishia: vyote hivi vimejulikana kuleta pumu. Tena mara nyingi havileti siku ya kwanza. Mwili huvizoea vibaya polepole, miezi au hata miaka, na baadaye vumbi dogo tu latosha kumwangusha mtu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba unga hauwezi kumdhuru kwa sababu ameuzoea miaka mitano, au kwa sababu mwenzake wa mashine ya pili ni mzima. Mara nyingi kifua hubana jioni au usiku, mtu akiwa nyumbani, naye akalaumu baridi au moshi wa jiko.

Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanya kazi, wakiwamo waokaji mikate na wasagaji unga. Aliwashauri madaktari wamwulize kila mgonjwa afanya kazi gani. Daktari wako asipokuuliza, mwambie wewe.

Tena mpelekee daftari. Kwa wiki nne andika kila siku: zamu gani, kazi gani, vumbi gani, kifua kilikuwaje, usiku ulilala au ulikohoa. Ukipata kipimo kidogo cha kupuliza, puliza mara nne kwa siku, siku za kazi na siku za mapumziko vile vile. Pumzi ikiwa njema wakati wa likizo na mbaya ukirudi kazini, daftari hilo litasema kuliko maneno mengi.

Kwa sababu hiyo twawasihi: msiache kazi kimyakimya kabla ya kupimwa. Mtu akiondoka penye vumbi, ushahidi hupungua, na haki yake hupungua pamoja nao. Lakini pia msikae miaka mkivumilia. Anayeondolewa mapema penye vumbi ana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Anayekawia aweza kubaki na pumu hata baada ya kuacha kazi. Mwarifu mwakilishi wa chama kazini mara tu daktari anapotaja pumu, ili upimwe upesi na kuhamishiwa kazi nyingine. Na kifua kikibana hata huwezi kumaliza sentensi, au dawa haikusaidii, acha kila kitu uende hospitali saa ile ile.

Juu ya dawa: dawa ya kufungua mirija huleta nafuu ya haraka, lakini haiponyi uvimbe. Ile ya kuzuia uvimbe huvutwa kama daktari alivyoagiza, hata siku ambayo hujisikii vibaya, kisha usukutue kinywa. Wengi huiacha wakipata nafuu, na hapo ndipo wanaporudi hospitali usiku.

Na wenye kazi nao wana wajibu wao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Basi wawakilishi wetu waulize katika kamati: Kwa nini sakafu yafagiliwa kavu, na kuna mashine za kunyonya vumbi? Kwa nini magunia yakung'utwa palipo na watu? Kitambaa cha puani si jibu. Vumbi lizuiwe pale linapotoka, na barakoa ya kweli ifuate baadaye.

Mtu mmoja akilalamika juu ya kifua chake, ataambiwa ni mvivu. Wanne wakileta madaftari yanayosema jambo moja juu ya chumba kimoja, meneja hana budi kusikiliza. Basi anayekohoa na aseme, na aliye mzima amsimamie mwenzake, maana vumbi analovuta ni lile lile.

Umoja ni nguvu.