Upana wa Neno Ndani ya Kipima Sukari

Katika kichakataji, "neno" ni idadi ya biti zinazoshughulikiwa kwa mkupuo mmoja. Neno la biti 8 huishia 255. Kipima sukari kinachohesabu sehemu za kumi za milimoli kingekwama kwenye 25.5, ilhali mgonjwa aliyezidiwa hufika 33 na zaidi. Maneno mawili huweza kuunganishwa, na chipu ndogo hutunza betri. Lakini programu ikikatizwa katikati ya nusu hizo, jibu huweza kuwa la uongo. Mwaka 1987 huko Yakima, Marekani, kihesabio cha biti 8 katika mashine ya mionzi ya Therac-25 kilirudi sifuri, ukaguzi ukarukwa, mgonjwa akapigwa mionzi iliyopita kiasi (kompyuta yenyewe ilikuwa ya biti 16!). Kwa kifaa cha mgonjwa nachagua biti 16, na kila kihesabio kizitumie zote.